"R imegoma"

Saa tano usiku simu inaita. WhatsApp. "Shikamoo kaka, R imegoma, nisaidie." (R ni programu ya kuchambua data na kuchora grafu, unaiandikia amri.) Inafuata picha: kioo cha kompyuta kimepigwa kwa simu, upandeupande, taa ya darini inamulika palepale penye maneno mekundu. Nusu ya ujumbe wa kosa imekatwa. Sasa nisome nini, nipige ramli?

Namwomba data, ananitumia picha ya grafu. Namwomba mistari ya amri aliyoandika, ananijibu, "Ni ileile ya kawaida." Ya kawaida ipi, jamani?

Dakika 40 baadaye ndipo naigundua shida yenyewe. Miezi kwenye grafu yake ya mvua inaanza na Agosti, kisha Aprili, Desemba, Februari, na Januari ipo ya tano! R haijagoma hata kidogo. Imeona maneno, ikayapanga kwa alfabeti kama kamusi. Ukitaka Januari itangulie, lazima uitajie mpangilio wa miezi ndani ya factor(), amri ya kuyapa maneno mpangilio. Mstari mmoja tu.

Angeandika dput(head(data)), amri inayotoa mwanzo wa data kama maandishi, akanakili yanayotoka, ningeyabandika kwangu na kumjibu kabla chai haijapoa. (Ndiyo, nakunywa chai saa tano usiku, msiniulize.)

Jana karudi. "Kaka, asante, imekubali. Ila sasa rangi ndiyo zimegoma."

Picha nyingine. Safari hii na kidole gumba chake kimo.