Rais na Waendesha Mashtaka Wake: Mpaka Uko Wapi?

Wengi wetu Afrika Mashariki tuliifahamu ofisi ya mwendesha mashtaka wa shirikisho ya Manhattan kupitia kesi ya dawa za kulevya ya akina Akasha wa Mombasa. Ndugu hao wawili, Baktash na Ibrahim, walikamatwa mwaka 2014. Shauri la kuwapeleka Marekani likapigwa danadana katika mahakama za Kenya kwa zaidi ya miaka miwili, hadi Januari 2017 walipopakiwa kwenye ndege. New York walikiri makosa. Agosti 2019 Baktash akahukumiwa miaka 25 jela, na mwanzoni mwa 2020 mdogo wake akapata 23. Katika kesi hiyo waendesha mashtaka wa Marekani walieleza jinsi ndugu hao walivyokuwa wakiwahonga maofisa wa Kenya ili wasiguswe. Mitaani watu walisema wazi: kule hakuna simu ya mkubwa.

Miezi michache baadaye, simu ya mkubwa ilipigwa kulekule.

Usiku wa Ijumaa, 19 Juni 2020, Mwanasheria Mkuu wa Serikali ya Marekani, William Barr, alitangaza kwamba Geoffrey Berman, mkuu wa ofisi hiyo ya Manhattan, anaondoka kazini. Berman akatoa taarifa yake usiku huohuo: habari za kuondoka kwake amezipata kwenye tangazo hilo, hajajiuzulu, na hana nia ya kujiuzulu. Kesho yake akaandikiwa barua kwamba Rais Trump amemfukuza. Ofisi yake ilikuwa imewashtaki washirika wawili wa Rudy Giuliani, wakili binafsi wa rais. Mpango wa awali ulikuwa kiti chake kishikwe kwa muda na mwendesha mashtaka wa jimbo jirani la New Jersey. Berman aligoma hadi ilipokubaliwa kwamba naibu wake, Audrey Strauss, ndiye atakayekaimu. Hapo ndipo alipoondoka.

Kisa hiki kingekuwa rahisi kuhukumu kama sheria ya Marekani ingekuwa upande wa Berman. Haikuwa. Nchi ile ina waendesha mashtaka wa shirikisho 93 katika wilaya 94 za kimahakama, maana Guam na Visiwa vya Mariana ya Kaskazini vina mmoja kwa pamoja. Cheo chenyewe kilianzishwa na sheria ya mwaka 1789. Rais anateua, Seneti inaidhinisha, kipindi ni miaka minne, na sheria inasema bila kumung'unya maneno kwamba rais anaweza kumwondoa yeyote kati yao. Haimtaki hata atoe sababu.

Wanaotetea utaratibu huu wana hoja nzito, na si haki kuwachukulia wote kuwa makada wa rais fulani. Mwendesha mashtaka wa shirikisho hapigiwi kura na mtu. Aliyepigiwa kura ni rais. Akiwa ameahidi kwenye kampeni kwamba atapambana na wauza fentanili, dawa ya kulevya inayoua wengi, au na makampuni yanayotiririsha sumu mitoni, ahadi hiyo ataitimizaje kama wale 93 wana ajenda zao na hawamsikii? Kila ofisi ina majalada mengi kuliko watu na fedha. Kuamua lipi litangulie ni kuamua sera, na sera ni kazi ya waliochaguliwa. Ndiyo maana mwezi Machi 1993 serikali ya Clinton iliwataka karibu wote waliorithiwa kutoka utawala uliopita wajiuzulu, na Machi 2017 serikali ya Trump ikawataka 46 waliosalia waondoke. Preet Bharara wa Manhattan alikataa kujiuzulu, akafukuzwa. Kelele zilipigwa mara zote mbili, lakini kuleta watu wapya mwanzoni mwa utawala ni desturi ya vyama vyote viwili.

Upande huo una hoja ya pili ambayo haisikiki sana huku kwetu. Mwendesha mashtaka asiyewajibika kwa yeyote naye ni hatari. Wamarekani walilijaribu hilo. Baada ya Watergate, kashfa iliyomng'oa Rais Nixon, walitunga sheria ya kuteua waendesha mashtaka huru ambao rais hawezi kuwafukuza ovyo. Mwaka 1988 Mahakama ya Juu iliikubali sheria hiyo, jaji mmoja tu, Antonin Scalia, akipinga: alionya kwamba mtu aliyepewa mshtakiwa mmoja, bajeti isiyo na kikomo na hana bosi, atachimba hadi apate kitu. Muongo mmoja baadaye, baada ya upelelezi wa Kenneth Starr, mmoja wa waendesha mashtaka huru hao, ulioanza na biashara ya viwanja huko Arkansas na kuishia kwenye mahusiano ya Rais Clinton na msichana wa Ikulu, vyama vyote viwili vilichoka. Mwaka 1999 sheria ikaachwa ife yenyewe.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema dawa ni kuiondoa siasa kabisa kwenye uteuzi. Haitoki. Ukimnyima rais, utaikuta kwa maseneta. Seneti ina desturi ya karatasi ya buluu: maseneta wa jimbo husika wasipoirudisha ile karatasi ya ridhaa, jina la mteule halisogei. Inasifiwa kuwa kizuizi kwa rais, na kweli inamzuia. Lakini pia ndiyo inayomfanya seneta kuwa mfadhili wa mwendesha mashtaka, na mfadhili huja kudai.

David Iglesias, mwendesha mashtaka wa New Mexico, alidaiwa. Alikuwa Mrepublican, na seneta wa chama chake Pete Domenici alikuwa miongoni mwa waliomuunga mkono apate kazi. Oktoba 2006, uchaguzi ukiwa umekaribia, Domenici alimpigia simu nyumbani kuuliza kama kesi ya rushwa iliyowahusu Wademokrati ingefunguliwa kabla ya Novemba. Iglesias akajibu kwamba hadhani hivyo. Kwa ushahidi alioutoa Machi 2007, seneta alisema anasikitika kusikia hivyo, kisha simu ikakatika. Mwezi Desemba 2006 Iglesias alikuwa mmoja wa waendesha mashtaka saba waliofutwa kazi kwa siku moja. Domenici alikiri kupiga simu, akakana kushinikiza. Hata hivyo uchunguzi wa ndani wa Wizara ya Sheria, uliotoka Septemba 2008, ulikuta kwamba malalamiko ya wanasiasa ndiyo yaliyomponza Iglesias. Mwanasheria Mkuu wa wakati huo, Alberto Gonzales, alikuwa ameshajiuzulu. Hakuna aliyeshtakiwa.

Na asiseme mtu kwamba ni ugonjwa wa Warepublican. Jimmy Carter aliingia Ikulu akiahidi waendesha mashtaka watateuliwa kwa sifa zao. Joshua Eilberg, mbunge Mdemokrati wa Philadelphia, akampigia simu akitaka mwendesha mashtaka wa hapo, David Marston, aondolewe haraka. Marston alikuwa Mrepublican, na ofisi yake ilikuwa ikichunguza mambo yaliyomgusa mbunge huyo. Januari 1978 Marston akafukuzwa. Mwaka uliofuata Eilberg alikiri kosa mahakamani.

Nikiviweka visa hivi pamoja, naona mstari ambao mijadala mingi inaupita bila kuugusa. Kuteua mtu kwa ajili ya sera ni siasa halali. Kuteua au kuondoa mtu kwa ajili ya jalada moja, au kwa ajili ya jina moja, ni kitu kingine kabisa. Robert Jackson, akiwa Mwanasheria Mkuu, aliwaambia hilo waendesha mashtaka wa shirikisho waliokusanyika Washington mwezi Aprili 1940: hatari kubwa ya kazi yao ni kumchagua kwanza mtu, kisha kupekua vitabu vya sheria kutafuta kosa la kumbandika.

Mwaka 2025, katika Wilaya ya Mashariki ya Virginia, mstari huo ulivukwa mchana kweupe. Erik Siebert, mwendesha mashtaka wa hapo, alikuwa mteule wa Trump mwenyewe. Baada ya siku 120 za uteuzi wake wa muda kumalizika, majaji wa wilaya walimteua aendelee, kama sheria inavyowaruhusu. Vyombo vya habari viliripoti kwamba hakuona ushahidi wa kutosha kumshtaki Letitia James, Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York aliyemshinda Trump katika kesi ya madai. Septemba 19 akang'olewa. Kesho yake rais aliandika hadharani kwenye mtandao wake, akimwita Mwanasheria Mkuu Pam Bondi kwa jina lake la kwanza na kutaka hatua dhidi ya James, dhidi ya James Comey aliyekuwa mkuu wa FBI, na dhidi ya Seneta Adam Schiff. Septemba 22 akaletwa Lindsey Halligan, msaidizi wa Ikulu, zamani wakili wa masuala ya bima na mmoja wa mawakili binafsi wa Trump, ambaye hakuwahi kuendesha mashtaka. Septemba 25 Comey akashtakiwa, zikiwa zimebaki siku tano kosa alilotuhumiwa nalo lipitwe na muda kisheria. Sahihi kwenye hati ya mashtaka ilikuwa moja, ya Halligan. Aliingia peke yake mbele ya jopo la raia wanaoamua kama mtu ashtakiwe. Oktoba 9 ikafuata hati ya James.

Watetezi wa rais wana jibu. Comey na James si malaika, na serikali iliyotangulia nayo ilimfungulia Trump mashtaka mawili ya shirikisho akiwa mgombea. Kama mwendesha mashtaka anakataa kufungua kesi ambayo rais anaamini ni halali, kwa nini rais asimbadilishe? Kwa maandishi ya sheria ya kumwondoa, swali hilo ni zuri, na Siebert hakuwa na haki ya kung'ang'ania kiti. Walipokwama ni kwenye kumweka mrithi. Novemba 24 Jaji Cameron McGowan Currie alizifuta kesi zote mbili kwa sababu uteuzi wa Halligan haukuwa halali: Mwanasheria Mkuu hupewa siku 120 mara moja, hazianzi upya kila anapoleta mtu mwingine. Wizara ilipojaribu tena kumshtaki James mwezi Desemba, majopo mawili ya raia, moja baada ya jingine, yalikataa.

New Jersey nako majaji walitumia mamlaka yao Julai 2025. Walikataa kumwongezea muda mwendesha mashtaka wa muda, Alina Habba, naye wakili wa zamani wa Trump, wakamteua naibu wake, Desiree Grace, mwanasheria aliyepanda ngazi ndani ya ofisi hiyohiyo. Bondi akamfukuza Grace mara moja na kumrudisha Habba kwa jina la kaimu. Mahakama ya wilaya, kisha ya rufaa, zikasema ujanja huo ni kinyume cha sheria, na Desemba Habba akaachia ngazi.

Hapa niseme jambo ambalo wapinzani wa Trump hulipita haraka. Majaji kumteua mtu atakayesimama mbele yao kesho akiomba hukumu si jambo tamu. Mshtakiwa ana kila sababu ya kuuliza kama hakimu na mwendesha mashtaka si wa nyumba moja. Mwaka 2006 Bunge la Marekani liliwanyang'anya majaji mamlaka hayo na kumwachia Mwanasheria Mkuu peke yake, na Wizara ya Sheria iliitetea hatua hiyo kwa hoja inayofanana na hiyo. Matokeo yakawa ni ule ufukuzaji wa Desemba 2006, na kati ya waliokuwa wameondolewa mwaka huo, nafasi moja ya Arkansas alipewa msaidizi wa zamani wa Karl Rove, mshauri wa siasa wa rais. Juni 2007 Bunge likairudisha sheria ya zamani. Naamini lilifanya sawa, kwa sababu majaji wanaingia pale tu rais na Seneti wameshindwa kumaliza kazi yao. Na si kweli kwamba kila mara huenda kinyume na rais: Manhattan, Agosti 2025, walimteua Jay Clayton, chaguo la Trump.

Kuna wanaoutamani mfumo kama wa Kenya. Katiba ya 2010, kifungu cha 157, inampa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma miaka minane isiyorudiwa, Bunge lazima limwidhinishe, na haruhusiwi kupokea amri ya mtu. Kwa maandishi, Berman na Siebert wangefurahi kuwa na ngao hiyo. Lakini Novemba 2022, wiki chache baada ya serikali mpya kuapishwa, ofisi hiyo iliomba kuiondoa kesi ya shilingi bilioni 7.4 dhidi ya Naibu Rais Rigathi Gachagua ikisema ushahidi hautoshi, huku mpelelezi akiapa kwamba alishinikizwa kuifungua chini ya serikali iliyopita. Mahakama ikaridhia. Chagua upande wowote wa kuamini, kufungua au kufunga: moja kati ya hivyo vilifanywa kwa kufuata upepo. Mwaka 2023 mkurugenzi huyo akahamishiwa kuongoza idara ya ujasusi. Hakuna aliyemfukuza, lakini kazi inayofuata nayo iko mikononi mwa rais, na mtu yeyote mwenye cheo analijua hilo.

Kama ningeulizwa, nisingegusa haki ya rais kuteua wala kuondoa. Ningebana kipindi cha katikati. Mwendesha mashtaka akiondolewa kabla ya miaka yake minne, kiti kishikwe na naibu wake mkuu mpaka Seneti iidhinishe mtu, na naibu huyo asifukuzwe katika kipindi hicho bila sababu ya maandishi kupelekwa Seneti. Ndicho alichokipigania Berman kwa siku ile moja, na ndicho alichonyimwa Grace. Ni kweli kwamba rais mwenye nia njema atacheleweshwa miezi kadhaa na naibu asiyemtaka, na mawakili wake watakwenda Mahakama ya Juu kusema ni mamlaka yake ya kikatiba yanayokatwa. Huenda wakashinda. Lakini sera ya rais inaweza kusubiri miezi hiyo bila kuharibika. Kisichoweza kusubiri ni jalada lenye jina la mtu na siku tano zilizobaki.