Mzee wa miaka 74 kapiga laivu masaa matatu, sisi Tabora tunapigiwa flashi

Juzi nilikuta kwenye simu video niliyorekodi Wembley Julai 2024, Bruce Springsteen anaimba shati limelowa limeganda mgongoni, nikairusha kwenye grupu la familia. Jibu la kwanza kutoka nyumbani: "sasa huyo babu ndo watu wanamlipia hela?" La pili: "Ulaya imeshakubadilisha wewe." Nimekaa na hilo la pili siku tatu linanichoma, leo naandika.

Kwa asiyemjua, ni mwimbaji wa rock kutoka New Jersey, Marekani, kazaliwa 1949, na bendi yake ya E Street Band ipo tangu 1972. Mimi huku Uingereza kazi yangu ni kutunza wazee, mtu wa miaka 74 namjua, namsaidia kuamka kitandani na kuvaa soksi. Kwa hiyo mwenzangu wa kazini aliponipa tiketi ya mume wake aliyekuwa anaumwa, nilienda nikijua mzee atawekewa kiti, ataimba nyimbo sita saba, tutampigia makofi ya heshima, turudi kulala.

Jamani. Kapanda jua bado linawaka, hamna msanii wa kusindikiza, hamna MC wa kutuuliza kama tupo, ni yeye na wenzake, Max Weinberg kwenye drams, Steven Van Zandt na kitambaa chake kichwani, Garry Tallent kwenye besi, hawa ni watu wa umri wake kabisa, na wimbo ukiisha anahesabu moja mbili tatu nne unaanza mwingine, unajiuliza huyu pumzi anavuta saa ngapi. Karibu masaa matatu! Hakuna wacheza shoo wala kubadili nguo. Anashuka mpaka kwenye uzio anashikana mikono na watu, wengine wameinua mabango wameandika wimbo wanaoutaka. Kuelekea mwisho taa zote za uwanja zinawashwa, mnaonana sura wote, mnaimba. Ukipata bahati ya kwenda vaa viatu vya kusimama, kula kabisa, na chooni nenda mapema maana ukitoka katikati umepitwa.

Ila kilichonimaliza ni kingine. Kuna mahali bendi inanyamaza anasimulia bendi yake ya kwanza ya ujana, alijiunga miaka ya 60 akiwa kijana wa shule, mwaka 2018 mwenzake George Theiss akafariki na hapo katika bendi ile akawa amebaki hai yeye peke yake. Baadaye kwenye skrini zinakuja picha za Danny Federici wa kinanda, aliyefariki 2008, na Clarence Clemons wa saksafoni, 2011, na anayepuliza saksafoni sasa hivi ni Jake, kwetu tungesema Clarence ni baba yake mkubwa. Nikalia, na sikumlilia mzungu, nilimlilia baba.

Baba alikuwa mtu wa reli, na hadithi zake ni mbili tu, treni na bendi ya Tabora Jazz. Wana Segere Matata, ndo mtindo wao! Alikuwa anatuhadithia dansi linaanza usiku linaisha kunakucha, magitaa matatu, saksafoni, tumba, watu wanarudi Ng'ambo kwa miguu viatu mkononi. Na kabla yao kulikuwa na Kiko Kids ya Salum Zahoro, na Nyanyembe Jazz nayo ya hapohapo, mji mmoja wa miembe na vumbi unalisha nchi nzima muziki. Marehemu Shem Karenga alianzia Kigoma na Lake Tanganyika Jazz akaja kwetu Tabora Jazz, yaani reli ileile iliyoleta dagaa ikatuletea na mpiga gitaa.

Sasa njoo Desemba niliyoenda likizo. Bango linasema saa mbili usiku. Msanii simtaji, mkubwa tu, mnamjua. Kaingia saa nane kasoro, kampa DJ flashi yenye nyimbo zilizorekodiwa, kaimba nyimbo nne, na kwenye wimbo wa pili kageuzia maiki kwetu tuimbe, maiki iko kwetu lakini sauti yake kwenye spika inaendelea kuimba vilevile! Na watu wanashangilia. Shangazi yangu alivaa kitenge kipya siku ile, akaniuliza "mwanangu, ndo imeisha?" Nilikosa la kumjibu.

Najua mtakachosema. Bendi ni gharama, vyombo, nauli ya watu kumi kutoka Dar, umeme. Umeme mnaniambia mimi niliyesomea mtihani wa form foo kwa kibatari? Kina baba walikuwa na hela gani? Na msiniambie muziki umebadilika, Alikiba ana damu ya Kigoma na mmeshamsikia na bendi laivu, kwa hiyo inawezekana, vijana wetu sauti wanazo, tena nzuri kuliko ya huyu mzee ambaye ya kwake imekwaruza.

Wala sisemi huku ni peponi. Mwaka 2022 Marekani mashabiki wake wenyewe walimlalamikia tiketi zilipofika maelfu ya dola, na walikuwa na haki. Mimi bila mume wa mwenzangu kuumwa nisingeingia pale.

Lakini mnaposema nimekuwa mzungu mnanionea. Kutaka mtu aimbe kwa mdomo wake siyo uzungu. Nilichokiona Wembley baba alikiona Tabora akiwa kijana, kwa kiingilio cha mfanyakazi wa reli, na kesho yake asubuhi akaenda kazini. Tulikuwa nacho wenyewe tukakiacha, halafu mimi nikikikumbuka naambiwa najidai.

Desemba hii narudi tena, Mungu akipenda. Mabango yatabandikwa kama kawaida, na shangazi nitatoka naye. Nikifika getini nitauliza kitu kimoja tu, bendi iko wapi? Wakinionesha laptop, elfu kumi yangu na elfu kumi ya shangazi tunaenda kula kuku.