Sour ya Olivia Rodrigo: nani alimwibia nani?

Sour ilipotoka Mei 2021, Olivia Rodrigo alikuwa na miaka 18. Ni albamu yake ya kwanza, nyimbo 11, nyingi alizitunga na prodyuza wake Dan Nigro, na mwaka uliofuata ilishinda Grammy ya albamu bora ya pop. Kabla ya hapo, majina ya watunzi yalikuwa yameshaanza kuongezeka. Kwenye "Deja Vu" waliingizwa Taylor Swift, Jack Antonoff na Annie Clark, watunzi wa "Cruel Summer" ya Swift. Kwenye "Good 4 U" wakaingia Hayley Williams na Josh Farro wa bendi ya rock ya Paramore, kwa ajili ya "Misery Business" ya 2007. Wengi wakaona kesi imekwisha: binti kaiba.

Wanaolalamika wana hoja. Rock imejaa watu waliokula jasho la wenzao. Mwaka 1963 bendi ya Beach Boys ilitoa "Surfin' U.S.A." kwa melodi ya Chuck Berry, mmoja wa waasisi wa rock, na mwanzoni jina lake halikuwekwa. Na kweli, ukiimba kiitikio cha "Good 4 U" juu ya kile cha Paramore, vinakaa pamoja bila kulazimishwa.

Ila "Deja Vu" naona wameionea. Nimeisikiliza nikitafuta melodi iliyochukuliwa, siioni. Ninachosikia, wimbo unapokaribia mwisho, ni sauti za Rodrigo zikirundikwa moja juu ya nyingine, nusu akiimba, nusu akipiga kelele. Huo ni namna ya kuimba, na namna ya kuimba haina mwenyewe. Tatizo ni kwamba alikuwa ameshasema hadharani jinsi anavyozipenda kelele za "Cruel Summer". Shabiki akamsifu anayemhusudu, na sifa ile ikawa mkononi mwa kila aliyetaka kumshuku.

Hayakuanza kwake. Mwimbaji Robin Thicke alieleza kwenye mahojiano kwamba "Blurred Lines" yake alitaka iwe na hisia za "Got to Give It Up" ya Marvin Gaye; mwaka 2015 baraza la mahakama likaipa familia ya Gaye kama dola milioni 7.4, zikapunguzwa baadaye hadi milioni 5.3 hivi. Hili ndilo linalonikera kuliko yote. Mrabaha wa utunzi ni mmoja, kila jina jipya linamega humo humo, na anayemegewa kwa urahisi ni yule mkweli aliyetaja walimu wake. Msanii chipukizi akiliona hilo atafunga mdomo. Ataendelea kuazima kama kawaida, kwa sababu hakuna anayejifunza kutunga bila kuiga, lakini sisi wasikilizaji hatutaambiwa tena wimbo umetoka wapi.

Elvis Costello, mwanamuziki wa rock wa Uingereza, alilielewa hili. Watu walipodai gitaa la "Brutal", wimbo mwingine wa Sour, limetoka kwenye "Pump It Up" yake ya 1978, alijibu kwamba yeye hana neno, ndivyo rock inavyokwenda, akawakumbusha "Subterranean Homesick Blues" ya Bob Dylan na "Too Much Monkey Business" ya Chuck Berry iliyoitangulia. Kumbe Berry yuko pande zote mbili. Beach Boys walichukua melodi yake nzima. Dylan alichukua kwake ule mwendo wa kumwaga maneno harakaharaka. La kwanza ni deni, la pili ni urithi. Kwa kipimo hicho "Good 4 U" inabishaniwa, lakini "Deja Vu" ingebaki na watunzi wake wawili.