Mvuke ni wa kiwanda kinachopika mara mbili kwa siku

Wenye viwanda vidogo vya bia hapa Nairobi, wateja wakizidi bia iliyopo, hukimbilia kununua tangi kubwa zaidi. Wanalifungia koili zilezile za umeme au wanaongeza majiko ya gesi chini yake, halafu siku ya kupika inakuwa ndefu kuliko zamani. Kwa maoni yangu wanaanzia pabaya. Kinachobana ni joto, na dawa yake ni boila ya mvuke: chombo kinachochemsha maji pembeni na kupeleka mvuke kwa mabomba hadi kwenye kuta za matangi.

Tupige hesabu. Lita 1,000 za maji, kutoka nyuzi 20 hadi 94 (huku kwetu juu maji huchemka hapo), zinakula takribani yuniti 86 za umeme, ukiacha joto linalopotea. Koili za kilowati 40 zitahitaji zaidi ya saa mbili. Ukipika mara moja kwa siku hakuna shida, unawasha alfajiri na kwenda kunywa chai. Taabu inaanza unapotaka kupika mara ya pili siku hiyohiyo: tangi la maji moto linadai umeme saa ileile tangi la kuchemshia linapoudai, na laini yako haiwezi kubeba yote mawili. Boila moja inayatosha yote. Unafungua vali hii, unafunga ile.

Halafu kuna ukoko. Maji ya kimea yana sukari na protini, nayo hushika kwenye koili au kwenye sakafu ya tangi iliyokaa juu ya moto wa gesi. Kwenye bia nyeusi huenda usitambue, lakini kwenye bia nyepesi ladha ya kuungua haijifichi. Mvuke wenye shinikizo la bar 1 una joto la kama nyuzi 120, kwa hiyo ukuta wa tangi hauwezi kupita hapo hata ukiusahau. Na nguvu yake si ndogo: kilo moja ya mvuke ikirudi kuwa maji huachia takribani kilojuli 2,200, wakati lita ya maji moto ikipoa kwa nyuzi 10 inatoa kama 42 tu. Mchemko unakuwa wa kutibuka kweli, na ndio unaofukuza harufu ya mboga zilizochemshwa. (Nyuzi 94 zitabaki 94, lakini. Uchungu wa hopsi, maua yanayotiwa kwenye bia, utatoka polepole kuliko kwa mpishi wa Mombasa anayechemsha kwa nyuzi 100, boila au pasipo boila.)

Wengi huulizia bei ya boila, wanaikubali, kisha wanabana kwenye mabomba. Niliwahi kuingia kiwanda ambacho mabomba ya mvuke yalikuwa uchi kutoka ukuta hadi ukuta, chumba kina joto la kukosesha pumzi, na maji ya mvuke uliopoa yanamwagwa mtaroni yakifuka. Maji hayo yalikuwa yameshalipiwa: yamesafishwa, yametiwa dawa, yamepashwa. Yangerudishwa kwenye tangi la boila, mafuta yangepungua. Mtego wa mvuke mmoja, yaani vali inayotoa maji na kuzuia mvuke, ulikuwa umekwama wazi, mvuke mbichi unapita bila kufanya kazi, na kila asubuhi mabomba yaligonga kama yanataka kung'oka, kwa sababu yalitegwa bila mteremko na maji yalituama ndani.

Maji ya kisima nayo msiyapeleke kwenye boila hivihivi. Chumvi zake huganda kwenye chuma, joto linashindwa kupita, na chuma kinapata moto kupita kiasi. Kifaa kinachozima moto wa boila maji yakipungua ndani yake kijaribiwe mara kwa mara. Boila iliyowaka bila maji inaua watu. Sheria inataka mkaguzi aliyeidhinishwa, na hapo sina huruma na anayekwepa.

Anayepika lita 300 mara mbili kwa wiki abaki na umeme wake, hata akiwa na pesa za boila. Atakayevuka hapo asiogope kukosa fundi. Viwanda vya chai vya Kericho na Murang'a vinakausha majani kwa mvuke wa boila za kuni, na vimewalea mafundi wanaoujua mvuke kwa kuusikiliza tu. Mwite mmoja kabla ya kulipa chochote, umwonyeshe chumba. Hatauliza tangi lako ni la lita ngapi. Atauliza maji yatarudi boila kupitia wapi.