Halloween na watoto: pa kwenda, pa kuepuka, na hoja ya kubaki nyumbani

Oktoba ikifika katikati, ubishi uleule hurudi kwenye makundi ya WhatsApp ya familia za Kitanzania, Kikenya na Kikongo zinazoishi Marekani. Mtoto ameleta kikaratasi kutoka shuleni, anataka kuvaa, anataka kutoka na wenzake, na wazazi wamegawanyika. Wapo wanaosema hii ni sherehe ya mizimu na wachawi, haina nafasi katika nyumba ya Mwislamu wala ya Mkristo. Wapo wanaosema ni pipi na maboga tu, mtoto asitengwe. Wote wanazungumza kana kwamba Halloween ni kitu kimoja, na hapo ndipo mjadala unapopotea. Ndani ya jina hilo mna matembezi ya shambani mchana kweupe, mna saa moja ya kupiga hodi kwa majirani na kupewa pipi, mna safari za mamia ya dola, na mna nyumba za vitisho ambazo mtoto wa miaka 6 hapaswi kuzikanyaga. Kila kimoja kina mizani yake.

Hofu ya wanaokataa haistahili kubezwa. Halloween, tarehe 31 Oktoba, ni mkesha wa Siku ya Watakatifu Wote ya tarehe 1 Novemba, lakini desturi zake nyingi zimetoka Ireland na Uskoti. Huko, msimu wa Samhain uliofunga mavuno ulihesabiwa kuwa wakati ambapo mpaka kati ya walio hai na waliokufa hulegea. Wahamiaji wa Ireland walizivusha bahari katika karne ya 19. Kwao walichonga tanipu, mboga ya mizizi, kuwa taa. Marekani wakakuta boga, ambalo ni kubwa na halisumbui kisu. Kwa hiyo anayesema sherehe hii ina mizimu ndani ya asili yake hajakosea.

Tena kwetu neno mchawi si vazi la dukani. Usukumani vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni wa miaka mingi. Huko Kisii, Mei 2008, watu 11 walichomwa moto kwa shutuma hizo. Kinshasa kuna watoto waliofukuzwa majumbani kwa kuitwa ndoki, yaani wachawi. Mzazi aliyetoka huko akikataa mwanawe avae kofia ndefu nyeusi na kushika ufagio, anajua anachokikataa. Ila vazi la kutisha si sharti. Mtoto anaweza kuwa simba, rubani au zimamoto, na hakuna mlango utakaomnyima pipi.

Mji unaoigusa hoja hii kwenye mfupa ni Salem, Massachusetts. Mwaka 1692 watu 19 walinyongwa huko kwa shutuma za uchawi, na mzee Giles Corey akagandamizwa kwa mawe hadi akakata roho. Dorothy Good, mtoto wa takriban miaka 4, alifungwa gerezani kwa miezi. Leo mji huo una wakazi wapatao 44,000, na Oktoba 2022 ulipokea wageni zaidi ya milioni moja, wengi wao wamevaa kofia zilezile. Unaweza kusema ni kufanya biashara juu ya makaburi, na sehemu kubwa ya maduka yake yanathibitisha hivyo. Lakini nenda Mtaa wa Charter, kando ya makaburi ya kale. Kuna ua mdogo wenye ukuta wa mawe, uliozinduliwa mwaka 1992. Viti 20 vya mawe vimejitokeza ukutani, na kila kimoja kimechongwa jina la aliyeuawa, namna alivyouawa na tarehe. Kizingitini pamechongwa maneno ya washtakiwa wakijitetea kwamba hawana hatia, na ukuta umeyakata katikati ya sentensi. Mtoto wa miaka 10 na kuendelea akisimama hapo, kisha akaambiwa habari za wale vikongwe wa Usukumani, ataelewa jambo ambalo hakuna mahubiri ya kukataza yatakayomfundisha. Mdogo zaidi ya hapo ataona umati tu.

Anayekwenda Salem asiende na gari. Maegesho hujaa mapema na barabara za kuingilia huziba. Treni ya kutoka kituo cha North Station, Boston, huchukua kama nusu saa. Chagua siku ya kazi ya mwanzoni mwa Oktoba, fika asubuhi, tembelea kumbukumbu kwanza, na saa nane mchana uwe unarudi.

Wanaounga mkono nao wana historia upande wao. Mambo yanayofanywa na watoto leo yalibuniwa ili kuituliza sherehe. Mwanzoni mwa karne ya 20, usiku huo ulikuwa wa vijana kuvunja, kupindua na kufungulia mifugo ya watu. Mji wa Anoka, Minnesota, ulianzisha gwaride mwaka 1920 ili vijana wapate shughuli nyingine, na bado unajivunia hilo. Des Moines, Iowa, jiji ambalo sasa lina familia nyingi za Kikongo zinazozungumza Kiswahili, kwa miongo mingi, kuanzia 1938, liliutenga usiku wa tarehe 30 Oktoba uwe wa watoto kupiga hodi, kwa sababu hiyohiyo ya uharibifu. Huko mtoto hapewi pipi bure, lazima kwanza aseme kichekesho au atege kitendawili mlangoni. Desturi hiyo inatufaa sana sisi. Mtoto aliyelelewa na "Kitendawili!" "Tega!" ana mali ya kutosha: nyumba yangu haina mlango, jibu ni yai. Mfanyishe mazoezi ya kuvisema kwa Kiingereza vitendawili vitatu au vinne, na jirani hatamsahau.

Linalosikitisha ni kwamba mjadala wa mizimu huifunika hatari iliyo wazi kabisa, nayo ni gari. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulipitia ajali za Marekani za miaka 42, kuanzia 1975 hadi 2016. Ulilinganisha jioni ya Halloween na jioni za wiki moja kabla na wiki moja baada. Vifo vya watembea kwa miguu vilizidi kwa asilimia 43, na kwa watoto wa miaka 4 hadi 8 kiwango kilikuwa mara kumi. Sababu zinaeleweka: giza linaingia, watoto wamevaa nguo nyeusi, barakoa inawaziba macho ya pembeni, na wanachomoka kati ya magari yaliyoegeshwa ili kuwahi nyumba ya ng'ambo. Kwa upande mwingine, ile hofu maarufu ya pipi zenye sumu haina mwili. Mwanasosholojia Joel Best amefuatilia taarifa hizo tangu mwaka 1958, na hajapata kisa kilichothibitishwa cha mtoto kuuawa na pipi ya mtu asiyemjua. Mzazi anayekagua kila karatasi ya pipi lakini anamwacha mwanawe avuke barabara mbio ameilinda nafsi yake, hajamlinda mtoto.

Kwa hiyo, ukiamua kutoka kupiga hodi, saa ndiyo kila kitu. Tangu mwaka 2007 saa hurudishwa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba, hivyo Halloween huikuta jioni bado ndefu. Boston jua huzama karibu saa 11:40 jioni, Columbus, Ohio, karibu saa 12:30. Wengi hutoka jua likishazama. Wewe toka nusu saa kabla, na mdogo wa chini ya miaka 7 arudi baada ya saa moja. Angalia kwanza ratiba ya mji wako, kwa sababu miji mingi hutangaza saa rasmi. Chagua mtaa wenye njia ya miguu. Maliza upande mmoja wote, vuka kwenye kona, kisha rudi na upande wa pili. Pindo la vazi lisiguse chini. Rangi ya uso ni bora kuliko barakoa, lakini ijaribu mkononi siku moja kabla, kwa kuwa ngozi nyingine huwashwa. Bandika utepe unaong'aa mgongoni, na mpe tochi. Nunua vazi lililozidi kipimo kimoja ili koti liingie ndani. Kuna baridi, na mwaka 1991 Minnesota ilianguka theluji usiku huohuo. Nyumba ya kugonga ni ile ambayo taa ya barazani inawaka. Isiyowaka inapitwa, na hakuna anayechukizwa.

Mkirudi, mwageni mfuko mezani. Pipi ngumu, njugu na bazoka usimpe wa chini ya miaka 4, zinaweza kumkaba. Familia ya Kiislamu isome viambato vya pipi laini za kutafuna na mashimelo, kwa sababu nyingi zina jelatini, mara kwa mara ya nguruwe. Njia isiyoleta machozi ni kukubaliana kabla ya kutoka kwamba pipi zisizofaa zitabadilishwa na kitu kilichokwisha kununuliwa, na kitu chenyewe akione.

Wengi wetu wanakaa kwenye majengo ya vyumba kando ya barabara pana zisizo na njia ya miguu, na huko ushauri wa kupiga hodi haufai. Makanisa na shule huandaa njia nyingine: magari yanapangwa uwanjani, buti zinafunguliwa na kupambwa, watoto wanazunguka. Ni salama ikiwa uwanja umefungwa na hakuna gari linaloingia wala kutoka. Uliza hilo kabla ya kwenda. Upungufu wake ni kwamba mtoto haonani na majirani, na kwa familia iliyofika juzi, kugonga mlango wa jirani kwa ruhusa ya mtaa mzima ni nafasi inayokuja mara moja kwa mwaka.

Matembezi yanayozishinda safari zote, kwa maoni yangu, ni ya shamba la maboga. Hayana mizimu, yanafanyika mchana, na mzazi wa Kiafrika yuko nyumbani katikati ya mahindi na trekta. Mna tela la nyasi kavu, mna njia za kupotezana ndani ya mahindi yaliyokauka. Mashamba mengi hutoza kiingilio, na boga huuzwa mbali, kwa uzito au kwa ukubwa. Hitilafu hutokea kwenye mambo madogo. Kigari cha mtoto hukwama matopeni, hivyo mbebe mgongoni. Njia za mahindini zinaweza kula saa nzima, kwa hiyo vyoo kwanza, maji mkononi, na mahali pa kukutania pakubaliwe. Kubwa zaidi, mashamba kadhaa hugeuka jua likizama. Tiketi inakuwa nyingine, na waigizaji wa kutisha wenye misumeno ya moto wanachomoka gizani. Soma saa kwenye tiketi yako.

Boga chagua lenye kikonyo kigumu na kitako bapa, gonga usikie mlio wa uwazi. Usilichonge mapema, likishakatwa hudumu siku 3 hadi 7 tu. Kata tundu chini badala ya juu, likalie taa ya betri. Mshumaa na mikono ya vazi ni moto unaosubiri. Hilo la kuchonga lina maji na nyuzi, halina utamu. Nunua na dogo la kupikia, kilo 2 hivi, lipike kwa nazi, sukari na hiliki. Mbegu zioshe, zikaushe, zikaange na chumvi.

Safari kubwa zina mvuto wake, lakini hesabu ni nzito. Sherehe ya Halloween ya Mickey kule Magic Kingdom, bustani ya michezo ya Disney huko Florida, ina tiketi yake mbali na ya mchana. Mwaka 2024 ilianzia dola 119 na kufika 199 kwa mtu mzima. Wazazi wawili na watoto watatu wanavuka dola 500 kabla ya hoteli. Walioamua kwenda wajue kwamba huanza Agosti, na siku za kazi za mwanzo ndizo za bei ya chini. Universal, bustani nyingine ya michezo, na usiku wake wa vitisho, vilevile Knott's Scary Farm ya California, wenyewe hawazishauri kwa watoto wa chini ya miaka 13, na wasikilizwe. Ajabu ni kwamba Knott's hiyohiyo ina burudani za watoto wadogo mchana, geti ni lilelile. Anayetaka uzuri bila kushtuliwa aende Croton-on-Hudson, New York, ambako maboga zaidi ya 7,000 yaliyochongwa huwashwa kando ya njia ya matembezi. Tiketi ni za saa maalumu, zinunuliwe wiki kadhaa kabla.

Na aliyepima yote akaamua kubaki, amwandikie mwalimu mapema, wiki mbili kabla, aulize siku hiyo darasani kutakuwa na nini na mtoto atashughulika na nini. Mwenyewe mtoto aambiwe sababu ya kweli, si vitisho. Jioni yenyewe zima taa ya barazani kabla ya saa 12, pikeni boga la nazi, na kwa Wakatoliki kesho yake kuna misa ya Watakatifu Wote.