Gari la Watu Wanane na Kanzu Moja

Mke wangu ndiye aliyeandika masharti ya gari jipya la familia, na aliyaandika nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita kwa herufi kubwa, ili nisije nikasingizia kwamba sikuyaona. Mtu asiyetufahamu angedhani orodha ile ilihusu gari. Ilinihusu mimi. Sharti la kwanza lilidai kamera ya nyuma, kwa sababu ya geti letu, ambalo nililigonga kwa rivasi muda mfupi baada ya kulifungua kwa mikono yangu mwenyewe. Sharti la pili lilidai gari lililoinuka kutoka ardhini, kwa sababu ya mtaro mmoja wa Sinza ambao niliuingia nikimpisha dereva wa bajaji aliyekuwa amekwisha kunipisha. La tatu lilidai funguo mbili, na hilo lilitokana na mchana ambao niliufungia ufunguo ndani ya gari pamoja na kapu la samaki niliowanunua Feri. Gari hilo liliendelea kuwakumbuka wale samaki hadi tulipoliuza kwa mfanyabiashara wa dagaa, mtu pekee aliyeingia ndani bila kukunja uso.

Mimi huamini kwamba ajali haina kinga. Mke wangu huamini kwamba inayo, na kinga yenyewe ni mimi kukaa kiti cha abiria.

Ukubwa wa gari haukuwa na mjadala. Tuna watoto wanne, na mama mkwe wangu alikuwa amekuja kutoka Tanga kuangaliwa magoti, akaona hali ya hewa ya Dar es Salaam inamfaa, akabaki. Ni mwanamke wa heshima kubwa na mwanachama wa Yanga kwa damu, kama alivyokuwa marehemu mumewe, na siku ya posa nilipoulizwa upande wangu ni upi nilitoa jibu ambalo liliwaridhisha wazee. Tulihitaji basi gari la watu wanane, na hapa kwetu mtu wa kipato cha kawaida akishataja watu wanane, mazungumzo huishia kwenye Toyota Noah, gari ambalo huko Arusha limewahi kubeba abiria kama daladala na halikulalamika. Toleo la zamani, la miaka ya 1990, huficha injini chini ya viti vya mbele, ilhali toleo lililoanza kutoka mwaka 2001 limeihamishia injini mbele, chini ya boneti. Mke wangu alilikataa la zamani kwa hoja kwamba mimi sipaswi kukalia kitu chochote kinachochemka.

Nilipendekeza tuagize wenyewe kutoka Japani. Nilikuwa nimekwisha kupiga hesabu za ushuru wa forodha wa asilimia 25, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, na ile nyongeza wanayotozwa wenye magari yaliyozidi umri, nikaona bado tutaokoa kitu. Mke wangu aliuliza swali moja tu, nalo ni nani angejaza fomu. Alikuwa na hofu, ambayo sikuweza kuiondoa, kwamba ningekosea mahali fulani na gari letu lingeteremshwa Mombasa, ambako lisingeruhusiwa hata kuingia, kwa maana Kenya haipokei gari lililotumika zaidi ya miaka 8, na letu lingekuwa limekwisha kupita umri huo zamani sana. Tukakubaliana kwenda yadi, ambako mtu hununua anachokiona kwa macho.

Siku tuliyokwenda ilikuwa Ijumaa. Nilitoka msikitini moja kwa moja nikiwa nimevaa kanzu nyeupe ya kitambaa chepesi, iliyonizidi kimo kidogo kwa sababu niliinunua bila kuipima. Familia yote ilikuwapo, kwa kuwa mke wangu alitaka gari lijaribiwe likiwa limejaa. Kijana wa mauzo alitupokea kwa adabu, akamwita mama mkwe “bibi”, akaniita mimi “shehe”, kisha akagundua haraka kwamba fedha ziko wapi na tangu hapo akaelekeza maneno yake yote kwa mke wangu. Magari yalikuwa yamepangwa kwa safu, hayana namba bado, na wahudumu walikuwa wakihamisha betri kutoka gari moja kwenda jingine kila mteja alipotaka kusikia injini, desturi ambayo nilipaswa kuitilia maanani zaidi.

“Mama, hili halina hata mkwaruzo mmoja,” alisema kijana, akilizunguka Noah la rangi ya fedha.

Mke wangu alinitazama mimi, akamjibu kwamba hilo halina haraka.

Kilichotuvutia sote ni mlango wa ubavuni. Ulikuwa upande wa kushoto, na kijana alieleza, kwa usahihi, kwamba Wajapani nao huendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo mlango huo hufungukia kando ya barabara na watoto huteremka bila kukutana na bodaboda. Ulijifunga wenyewe kwa umeme. Aliingiza mkono wake katikati, mlango ukamgusa, ukasita, ukarudi nyuma kwa upole. “Shehe, mlango huu una akili,” alisema. “Hauwezi kumbana mtu.” Nataka nimtendee haki kijana yule, kwa maana hakusema neno lolote kuhusu kanzu.

Wote waliingia. Mke wangu alishika usukani, kijana akakaa pembeni yake, mama mkwe na watoto wakajipanga nyuma, nami nikaombwa nibaki nje nimwelekeze dereva atoke kwenye safu bila kugusa gari jingine. Binti yangu Zuhura alibonyeza kitufe kutoka ndani. Mlango uliteleza taratibu, ukafika mwisho, na pale mwisho ukajivuta wenyewe kwa ndani ili kujikaza, kama ulivyoundwa kufanya. Kitambaa chepesi hakina ubishi wa kutosha kuushtua mlango wenye akili. Ulipojikaza ulikuwa umechukua pindo la kanzu yangu, kiasi cha kunifikia karibu na goti, na kulisokota ndani ya kitasa.

Nilipiga kioo. Lakini vioo vilikuwa vimefungwa kwa ajili ya kiyoyozi, na mke wangu, aliyeona kwenye kioo cha pembeni mkono wangu ukipunga, alichukulia kwamba namwambia njia ni nyeupe. Gari likaondoka.

Kutembea ubavuni mwa gari linalokwenda polepole si kazi ngumu hata kidogo, hadi pale dereva anapoanza kuipenda injini. Tulipomaliza safu ya kwanza nilikuwa natembea kwa hatua ndefu. Tulipokata kona ya mwembe nilikuwa nakimbia, mkono mmoja juu ya paa ili nisianguke, mwingine ukishikilia kanzu iliyobaki. Mwanangu mdogo alinipungia kwa furaha. Baadaye nilisimuliwa kwamba mama mkwe aliniona nikikimbia sambamba na dirisha lake akasema, “Baba Zuhura leo gari limemkosha kweli.” Wateja walisogea pembeni. Mlinzi wa getini, alipoona gari linakuja na mwanamume mwenye kanzu nyeupe akikimbia ubavuni mwake huku ameshika paa, aliamua kwamba ndani yake mna kiongozi. Alikaza mwili, akapiga saluti, na akafungua geti lote.

Kilichoniokoa ni foleni. Daladala lilikuwa limesimama mbele ya geti kushusha abiria, mke wangu akalazimika kufunga breki nusu ya gari ikiwa nje na nusu ndani, na ndipo alipogeuza kichwa na kuniona mumewe nikihema mbele ya kioo cha abiria. Kwa mshtuko alizima injini. Alipojaribu kuiwasha tena, betri, ambayo tangu asubuhi ilikuwa ikihudumia safu nzima kwa zamu, ilitoa mlio mmoja mfupi na kufa.

Walitoka wote kwa mlango wa upande wa pili, salama na wametulia. Mimi nilibaki nilipo. Kitasa kilivutwa kwa nje na kwa ndani, kikagoma, kwa kuwa kitambaa kilikuwa kimejaa mahali ambapo chuma kilipaswa kupita. Fundi wa yadi akaitwa. Alikuwa ametoka kwenda kula. Wakati huo waendesha bodaboda wa kijiwe cha jirani walikuwa wamekwisha kutuzunguka, na kila mmoja alikuja na ushauri. Mmoja alipendekeza grisi. Mwingine alitoa wembe mfukoni bila mtu kumwomba. Wa tatu, ambaye nadhani ndiye aliyekuwa na akili kuliko wote, aliuliza, “Mzee, kwa nini usiivue tu?”

Lilikuwa swali la haki, nami sikuweza kulijibu. Mkwe havui nguo mbele ya mama mkwe, hilo kila mtu pale alilielewa bila maelezo. Lakini palikuwa na sababu ya pili ambayo ilikuwa chini ya kanzu, na hiyo nilikusudia kubaki nayo peke yangu.

Nilimtegemea mke wangu anitafutie ufumbuzi. Alikuwa ameutafuta, ila si wa tatizo langu. “Kaka,” alimwambia kijana wa mauzo kwa sauti ambayo umati wote ungeisikia, “ulisema bei ni milioni 19 na nusu. Hiyo ni pamoja na mlango unaokamata wateja?”

“Mama, mlango umekamata kwa sababu ni imara.”

“Mume wangu amefungwa hapa kama mbuzi wa Idi, nawe unanisifia kamba?”

Umati ulicheka, na kijana akaanza kutokwa na jasho kuliko mimi. Nilikuwa nimesimama katikati ya geti. Hakuna mteja aliyeweza kuingia bila kunipita, na hakuna aliyenipita bila kuuliza nimepatwa na nini. Familia moja ilisikia habari yangu kwa ukamilifu kutoka kwa mwendesha bodaboda, ikarudi ilikotoka. Kijana aliteremka hadi milioni 19. Mke wangu akatikisa kichwa. Fundi alirudi na bisibisi, akapiga magoti kwenye kitasa, na hapo nikamsikia mwenzangu wa ndoa, mama wa watoto wangu, akimwambia kwa upole, “Fundi, hebu subiri kidogo.”

“Mama Zuhura!” nilisema.

“Vumilia, Baba Zuhura. Milioni 18 na nusu tumeshafika.”

Jua la saa nane lilikuwa juu ya utosi wangu. Mama mkwe aliletewa kiti na soda. Mazungumzo yaliendelea juu ya kichwa changu, na kila kijana alipoonekana kukaza msimamo, mke wangu alininyoshea kidole bila kusema kitu. Walipatana kwa milioni 18, betri mpya, tairi la akiba lisilo na kiraka, na kurekebishwa kwa redio, kwa sababu redio za magari ya zamani ya Japani hushika masafa ya FM ya 76 hadi 90 na vituo vyetu vingi viko juu ya hapo. Baada ya kushikana mikono, ndipo fundi aliporuhusiwa kuendelea.

Aliingiza bisibisi, akaipinda, akanong’ona Bismillahi. Kitasa kiliachia ghafla. Mimi, ambaye kwa muda wote ule nilikuwa nimeegemea upande wa pili kwa uzito wangu wote, niliachiliwa ghafla vilevile, isipokuwa kwamba pindo halikuachia lote kwa pamoja. Ilisikika sauti ndefu ya kitambaa. Kanzu ilipasuka kutoka gotini hadi kiunoni, ikafunguka kama pazia, na mbele ya umati, mbele ya watoto, na mbele ya mama mkwe aliyekuwa ameshika soda yake, ikaonekana bukta yangu. Ilikuwa nyekundu. Pajani ilikuwa na nembo ya Simba, kubwa na iliyong’aa, kwa kuwa ilikuwa toleo jipya la msimu ule.

Waendesha bodaboda waligawanyika papo hapo katika makundi mawili, moja likishangilia na jingine likizomea. Mama mkwe hakufanya lolote kati ya hayo. Aliitazama bukta, akanitazama usoni, akairudia bukta.

“Kumbe,” alisema.

Malipo yalikamilika siku chache baadaye, kadi ya gari ikaandikwa jina la mke wangu, na alikata bima kubwa bila kuniuliza. Siku ya kulichukua gari alitandika mkeka mdogo kwenye kiti cha mwisho kabisa nyuma, akaniambia hapo ndipo pangu, na nilipoona umbali uliopo kati ya kiti hicho na kitu chochote kinachoweza kubonyezwa nilielewa. Mama mkwe alikaa mbele. Tuliondoka yadi, mlinzi akapiga saluti tena, tukashika barabara ya kurudi nyumbani, na katika safari yote bibi yule hakuzungumza na mtu. Tulipofika kwenye geti letu lenye kovu, ndipo alipogeuka taratibu, akanitafuta kwa macho kupita vichwa vya wajukuu wake wote wanne.

“Mwanangu,” alisema, “mahari tuliyoipokea ilitoka kwa mtu wa Yanga. Itabidi wazee wakae tena.”