Sanaa na Michezo katika shule za msingi Kigoma: je, somo hili linaiba muda wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu)?

Tangu Januari 2024, mtaala ulioboreshwa ulipoanza kutumika, Sanaa na Michezo ni somo lenye muhtasari wake katika elimu ya msingi, na shule za Kigoma hulipangia vipindi kama zinavyopangia Kiswahili na Hisabati. Hata hivyo, katika vikao vya wazazi hoja moja hujirudia: mtoto ambaye hajajua kusoma hana sababu ya kukaa kipindi kizima akifinyanga udongo. Hoja hiyo si ya kubezwa, kwani wengi wanaoitoa wamewaona watoto wao wakifika darasa la nne bila kuweza kusoma aya moja kwa ufasaha.

Kiwango kilichowekwa nchini ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja, lakini shule nyingi za vijijini zimezoea madarasa yanayopita kiwango hicho kwa mbali. Mwalimu aliyeandaliwa hasa kufundisha muziki au uchoraji ni nadra kupatikana. Chuo cha Ualimu Butimba, kule Mwanza, kimejulikana kwa miaka mingi kwa kuandaa walimu wa aina hiyo, lakini wahitimu wa chuo kimoja hawawezi kuenea nchi nzima. Anayekabidhiwa somo hili, basi, ni mwalimu yuleyule mwenye Sayansi na Hisabati, na ni vigumu kumlaumu akiliweka mwisho.

Kisha kuna fedha, na hapa inafaa tusimame kidogo. Elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, ruzuku ya uendeshaji wa shule ya msingi ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ambapo 6,000 hupelekwa shuleni na 4,000 hutengwa kwa ajili ya vitabu. Kwa kiwango hicho, shule yenye wanafunzi 1,000 hupokea shilingi 6,000,000 kwa mwaka, yaani 500,000 kwa mwezi, na humo humo zitoke chaki, karatasi za mitihani na ukarabati mdogo mdogo. Tuseme kiboksi cha penseli za rangi kinauzwa shilingi 2,000 tu: kumpa kila mtoto kimoja ni kumaliza theluthi ya fedha zote zilizofika shuleni, kwa kitu ambacho huenda kisimalize hata muhula wa pili. Mpango wowote wa sanaa unaoanza na orodha ya vifaa vya dukani hautafika Buhigwe wala Kakonko, na ukifika utafika kwa michango ya wazazi, ambayo tayari ni chanzo cha malalamiko.

Lakini hesabu hiyohiyo inawatetea wanaotaka sanaa, kwa sababu inatuonyesha ni sanaa ipi inayowezekana. Udongo wa kufinyanga hauuzwi. Makuti ya michikichi, ambayo Kigoma imejaa, husukwa vikapu na kufumwa mafagio, mkaa huchora, ngoma na nyimbo hazihitaji stoo. Bibi anayefuma mikeka jirani na shule anajua kazi ambayo mwalimu wa darasa hakufundishwa chuoni, na mwalimu mkuu akimwalika kwa kipindi kimoja kwa wiki atakuwa amepata mtaalamu. Mtoto anayesuka ukili, ule ukanda unaoshonwa kuwa mkeka, naye hufanya hesabu muda wote: anahesabu miyaa, yaani vipande vya majani anavyosukia, anatambua mpangilio unaojirudia, na akikosea moja kosa linaonekana papo hapo bila kusubiri kalamu nyekundu.

Jambo ambalo wapinzani wa somo hili hawalipimi vya kutosha ni lugha. Katika vijiji vingi vya Kasulu, Buhigwe na Kibondo mtoto huanza darasa la kwanza akiwa na Kiha cha nyumbani, na Kiswahili ndicho kwanza anajifunza. Mwulize kwa Kiswahili akueleze njia anayopita kuja shuleni, atanyamaza, na mwalimu mwenye haraka ataandika kwamba hajui. Mpe kipande cha mkaa na boksi lililokunjuliwa, atachora nyumba, migomba, mto na daraja la magogo. Hapo mwalimu anaweza kugusa kila kitu akikitaja kwa Kiswahili, na mtoto akarudia, kisha neno likaandikwa chini ya picha aliyoichora mwenyewe. Hicho ni kipindi cha sanaa, na hicho ni kipindi cha kusoma na kuandika. Kwa mtoto huyu sanaa haishindani na KKK hata kidogo, ndiyo inayomfikisha huko, na kumwondolea ni kumwacha darasani akitazama ubao ulioandikwa lugha asiyoijua.

Wapo wazazi, hasa Ujiji, wenye shaka ya kidini kuhusu kuchora viumbe au kucheza ngoma. Shaka yao inastahili heshima, na haizuii somo: mapambo ya mistari na maua, ususi, ufinyanzi, hata kasida wanazozijua watoto kutoka madrasa, vyote vina nafasi. Hoja ya upande wa pili, kwamba mkoa huu ndio asili ya familia za akina Diamond Platnumz na Alikiba na kwa hiyo sanaa ni ajira, mimi naiona dhaifu. Watoto wengi hawatakuwa wasanii, na somo lenye manufaa kwa wachache tu lisingestahili kipindi.

Hatari iliyo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni somo kufundishwa kwa nukuu. Ukifungua daftari ukakuta sentensi isemayo kwamba rangi za msingi ni nyekundu, njano na bluu, imeandikwa kwa kalamu ya bluu na mtoto ambaye hajawahi kuchanganya rangi yoyote, basi wazazi wanaolalamika wana haki: muda huo umepotea kweli. Mwaka 2027 wanafunzi wa kwanza wa mtaala huu watamaliza darasa la sita, sambamba na wale wa darasa la saba wa mtaala wa zamani, na shinikizo la mitihani litawasukuma walimu wengi kwenye nukuu hizo. Wathibiti ubora na maafisa elimu kata wanaweza kulizuia hilo kuanzia sasa, wakiingia darasani na kuomba waonyeshwe vyungu, mikeka na michoro ya watoto kabla ya kuomba madaftari.